Haki ya Kupuuza

Shangazi yangu analima mchicha, ambao sisi kwetu tunauita dodo, pamoja na maboga na magimbi, katika bonde la Kilembe, hatua chache kutoka Mto Nyamwamba. Likizo iliyopita nilitoka nyumbani Bwera, nikapanda taksi hadi mjini Kasese, nikamalizia na bodaboda hadi kwake. Nilikuwa na kompyuta mgongoni kwa sababu mradi wangu wa mwaka wa mwisho haukuwa umekamilika. Jioni alinikuta barazani nikitazama mistari iliyopanda na kushuka kwenye kioo, akauliza ni nini. Nikamwambia ni elektroni: mistari ile inaonyesha nishati ambazo elektroni inaweza kuwa nazo ndani ya kitu chembamba kuliko karatasi yoyote. Akaitazama kwa muda, mikono ikiwa bado na udongo. Kisha akauliza, "Wewe unayehesabu vitu visivyoonekana, niambie basi. Mboga zangu hizi, tule au tusile?"

Nikamjibu, "Ngoja nitauliza, shangazi."

Hilo ni jibu la mtu asiyejua, na yeye alilielewa hivyo. Aliingia jikoni, na usiku ule tulikula dodo.

Mwanzoni nilikusudia kuandika juu ya swali ambalo wanafunzi wa sayansi katika nchi zetu tunaulizwa kila siku, kwamba hesabu zetu zina faida gani kwa mwananchi. Nimeliacha. Naona limechoka, na majibu yake yanajulikana kabla mtu hajafungua mdomo. Swali la shangazi lilinisukuma kwenye jambo jingine. Katika kila hesabu, iwe ya elektroni au ya watu, kuna vitu ambavyo mwenye kuhesabu anaviacha nje kwa makusudi. Je, ana haki ya kuviacha? Na kama anayo, aliipata kwa masharti gani?

Nianze kwa kukiri kwamba bila kuacha kitu nje hakuna hesabu. Chukua atomi moja ya kobalti, madini ambayo jina lake litarudi mara nyingi hapa. Ina elektroni 27, na kila moja inazisukuma nyingine 26. Kuieleza elektroni moja, unahitaji nafasi katika pande tatu. Ukigawa kila upande katika sehemu kumi tu, unapata namba elfu moja za kuandika, na kompyuta yangu haioni hilo kuwa kazi. Lakini elektroni 27 zinazotazamana haziwezi kuelezwa mojamoja. Inabidi uandike namba moja kwa kila mpangilio ambao zote kwa pamoja zinaweza kuwa nao, na mipangilio hiyo ni 1 ikifuatwa na sifuri 81. Atomi zote za ulimwengu unaoweza kuonekana zinakadiriwa kuwa 1 ikifuatwa na sifuri 80 hivi. Kwa hiyo, hata ukitumia kila atomi ya mbinguni na duniani kama karatasi ya kuandikia namba moja, hutamaliza kuieleza kobalti moja iliyo katika mchanga wa Kilembe.

Mwaka 1964 Walter Kohn na Pierre Hohenberg walionyesha njia ya kukwepa mzigo huu. Walithibitisha kwamba, kwa hali ya chini kabisa ya nishati, haihitajiki kujua kila elektroni iko wapi ikilinganishwa na nyingine. Inatosha kujua msongamano wao, yaani katika kila mahali elektroni ni nyingi au chache kiasi gani. Namba zile zisizohesabika zikashuka hadi elfu moja. Mwaka uliofuata Kohn na Lu Sham wakaonyesha namna ya kuifanya hesabu yenyewe: kila elektroni inatembea kana kwamba iko peke yake, ndani ya mazingira yaliyotengenezwa na zote kwa ujumla. Kohn alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1998, na leo sehemu kubwa ya hesabu za maada zinazofanywa duniani, pamoja na zangu za barazani, zinapita njia hiyo.

Uthibitisho huo una kasoro moja ambayo waandishi wake hawakuificha. Unasema kanuni kamili ipo, ila hauitaji. Kuna kipande cha kanuni hiyo, kile kinachobeba namna elektroni zinavyoepukana, ambacho hakuna anayekijua kikamilifu. Tunaweka kadirio mahali pake. Mojawapo ya matatizo ya makadirio ya kawaida linachekesha: elektroni, kwa kuwa na yenyewe imo katika msongamano, inajikuta inajisukuma yenyewe, kama mtu anayekwepa kivuli chake njiani. Tunalijua kosa hilo, tunaliacha, na mara nyingi majibu yanatoka sawasawa na vipimo vya maabara. Neno la kushika hapo ni "mara nyingi".

Sasa, kwa nini vitu vyembamba? Mwaka 1947 Mkanada Philip Wallace alitaka kuelewa grafiti, ile iliyomo katika penseli, ambayo wakati huo ilitumika katika vinu vya nyuklia. Grafiti ni matabaka ya kaboni yaliyolaliana. Ndani ya tabaka moja, atomi na jirani yake zimeachana kwa nanomita 0.142, lakini tabaka na tabaka zimeachana kwa nanomita 0.335. Wallace akaona umbali huo ni mkubwa kiasi cha kumruhusu aanze na tabaka moja, kana kwamba mengine hayapo. Akapata jibu la ajabu: katika tabaka hilo kuna elektroni zinazokwenda kana kwamba hazina uzito, zote kwa kasi ileile, ambayo leo tunajua ni karibu mita milioni moja kwa sekunde. Tabaka lenyewe lilikuwa njia tu ya kurahisisha kazi. Hakuna aliyekuwa nalo mkononi, na wananadharia wakubwa walikuwa wameshatoa hoja kwamba fuwele yenye urefu na upana bila unene haiwezi kudumu. Miaka 57 baadaye, mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester walibandua grafiti kwa selotepu, wakarudia na kurudia, mpaka wakabakiwa na tabaka moja. Ndiyo grafini. Elektroni zake zilienda kama Wallace alivyoandika.

Hadithi hiyo tunapenda kuisimulia darasani kwa sababu ndani yake kupuuza kumelipa. Mtu aliweka kando matabaka mengine, na alichokibakiza kikawa kitu halisi. Lakini vitu vyembamba vina tabia nyingine ambayo haisimuliwi sana, nayo ndiyo iliyonifunza adabu.

Aliyewahi kuvuka daraja la Mpondwe siku ya soko ataielewa upesi. Upande wetu kuna Lhubiriha, ng'ambo kuna Kasindi, Kongo. Uwanjani, kabla ya daraja, watu wako mia kadhaa lakini kila mmoja anapita anapotaka. Mwenye mkungu wa matoke kichwani anamzunguka mwenye baiskeli, na unaweza kumfikiria kila mtu kana kwamba yuko peke yake. Darajani mambo hubadilika. Njia ni moja, na mtu wa mbele akisimama kutafuta karatasi zake, wote nyuma wanasimama. Huwezi tena kuueleza mwendo wa mtu mmoja bila kuwaeleza wote. Elektroni ziko hivyohivyo. Katika donge nene zina nafasi ya kupishana na kukingana, kwa hiyo kadirio la kila moja peke yake linavumilika. Zibane katika tabaka moja, na kusukumana kwao kunakuwa na uzito zaidi. Zibane katika waya mwembamba usio na nafasi ya kupishana, na ile picha ya elektroni moja moja inavunjika kabisa. Sin-Itiro Tomonaga mwaka 1950 na Joaquin Luttinger mwaka 1963 walionyesha kwamba hapo kinachosafiri ni wimbi la foleni nzima. Yaani kadiri kitu kinavyokuwa chembamba, ndivyo kile ulichozoea kukipuuza kinavyodai nafasi yake.

Mimi nilikuja kulijua hilo kwa kuaibika. Mradi wangu ulihusu tabaka jembamba lenye kobalti na oksijeni. Kobalti sikuichagua kwa bahati. Ni madini ya kwetu, na pia imo katika betri ya simu ya kila mwanafunzi anayesoma insha hii. Katika betri nyingi za simu, lithiamu hukaa katikati ya matabaka ya kobalti na oksijeni, na huingia na kutoka kila unapochaji. Mpangilio huo ulionyeshwa na kundi la John Goodenough huko Oxford mwaka 1980. Mwalimu wangu aliniambia kabla sijagusa tabaka nijaribu kwanza donge, oksidi ya kobalti ya kawaida, kwa sababu hiyo imekwisha pimwa na watu. Nikaendesha hesabu usiku kucha katika maabara ya kompyuta. Asubuhi jibu lilikuwa safi, mistari imenyooka, hakuna hitilafu yoyote iliyoandikwa kwenye kioo. Jibu lilisema kwamba oksidi ya kobalti inapitisha umeme, kama waya.

Nikaliandika hivyo. Nilikuwa nimekwisha weka sentensi hiyo katika rasimu: "Matokeo yanaonyesha kuwa maada hii ni metali."

Mwalimu alisoma mpaka pale, akaniuliza kama nimewahi kuishika. Oksidi ya kobalti haipitishi umeme. Hilo limejulikana tangu miaka ya 1930, na ndilo lililowafanya Nevill Mott na Rudolf Peierls mwaka 1937 waseme kwamba nadharia ya elektroni moja moja ina kasoro. Elektroni za nje za kobalti zimebanwa karibu na atomi yake, na moja ikitaka kuhamia kwa jirani inamkuta mwenyeji anayeisukuma kwa nguvu. Kwa hiyo zinabaki zilipo. Hesabu yangu ilikuwa imeweka wastani mahali pa msukumo huo, na katika wastani kila mlango uko wazi. Programu haikukosea, ilihesabu kwa uaminifu kile nilichokiagiza. Mwalimu aliuliza neno moja tu: "Umepuuza nini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikujua kwamba nimepuuza kitu. Kadirio lilikuja na programu, nami nililipokea kama mtu anavyopokea hewa.

Kuna dawa. Unaongeza namba moja, tunaiita U ya Hubbard, kwa heshima ya John Hubbard na kielelezo chake cha 1963, inayosema kwamba elektroni mbili zikikutana kwenye atomi moja zilipe gharama. Nikaiweka. Kwa U ndogo, hakuna kitu. Nikaipandisha kidogo kidogo mpaka mistari ikaachana na pengo likatokea, karibu na elektroni-volti 2.5 ambazo watu wamepima. Nikafurahi, nikarudi kwa mwalimu. "Namba hii umeitoa wapi?" Ukweli ni kwamba niliitoa kwenye jibu. Nililijua jibu, nikaigeuza namba mpaka ikanipa nilichokitaka. Sasa jiulize: kama nisingekuwa na kipimo cha mtu mwingine, ningejuaje mahali pa kusimama?

Hapo nikamkumbuka babu.

Babu yangu, baba yake shangazi, anaishi Bwera lakini ujana wake aliumalizia chini ya ardhi Kilembe. Mgodi ulianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka uleule reli kutoka Kampala ilipofika Kasese, na ulikwama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shaba ilikwenda kuyeyushwa Jinja. Babu hapendi kusikia mgodi ukisemwa vibaya, na ana haki yake. Alilipwa mshahara, watoto wake wakasoma, kulikuwa na hospitali, kulikuwa na timu ya mpira. Mji wa Kasese wenyewe umesimama juu ya hesabu ya shaba. Nilipomuuliza juu ya mawe yaliyobaki, alinieleza vizuri kuliko kitabu. Katika mwamba, shaba haikai peke yake. Iko pamoja na jiwe la rangi ya dhahabu, piraiti, ambalo ni chuma na salfa, na ndani yake kuna kobalti. Shaba ilitengwa ikaenda zake. Piraiti ikarundikwa mjini Kasese, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa kilima cha karibu tani milioni moja. Na mabaki ya unga wa mawe yaliyokamuliwa yakawekwa bondeni Kilembe, kando ya mto.

Nilikuwa nimejiandaa kuandika kwamba waliipuuza kobalti. Babu alinisahihisha. Hakuna aliyeipuuza. Kila mtu alijua ndani ya kilima kile kuna mali, zaidi ya asilimia 1 kobalti, na ndiyo maana ilitunzwa badala ya kutupwa, kusubiri siku ambayo ingekuwa na bei. Siku hiyo ilifika. Mwaka 1999 kiwanda kilifunguliwa Kasese kuitoa, kwa kutumia bakteria wanaokula piraiti ndani ya matangi.

Kilichopuuzwa ni mvua. Piraiti ikipata hewa na maji hutoa tindikali ya salfa, na tindikali hiyo huyeyusha madini na kwenda nayo. Bakteria walewale wa kwenye matangi hawakusubiri kiwanda. Walikuwa wakifanya kazi hiyo bure kwenye kilima, kila msimu wa mvua, kwa miaka. Maji yalitiririka kutoka kwenye rundo, yakaacha mkanda wa ardhi isiyoota kitu ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, kuelekea Ziwa George. Na bondeni Kilembe mto wenyewe ukawa unakula kingo za mabaki. Nyamwamba ilifurika Mei 2013, ikafurika tena 2014, ikafurika Mei 2020 ikaharibu hospitali. Kila inapofurika inachukua unga ule na kuutandaza chini, mashambani. Watafiti waliopima udongo na maji ya huko wamekuta shaba, kobalti na zinki kupita kiasi.

Rafiki yangu anayesoma uchumi alisoma rasimu ya insha hii akanikatiza hapa. Alisema ninachanganya mambo mawili. Elektroni haina haki, ukiipuuza haiumwi. Aidha, wahandisi wa 1956 hawakuwa na uwezo wa kuhesabu kila kitu, kama mimi nisivyo na uwezo wa kuandika namba zenye sifuri 81. Kama namsamehe Kohn, kwa nini nisiwasamehe wao?

Nimelifikiria pingamizi hilo muda mrefu kuliko mtihani wowote. Nusu ya kwanza ninaikubali. Kobalti yangu ya kwenye kompyuta haikudhurika na kosa langu. Lakini nusu ya pili ndiyo penye jibu. Kohn ninamsamehe, au tuseme hahitaji msamaha, kwa sababu aliandika waziwazi alichokiacha, na akakiacha mahali ambapo mtu mwingine anaweza kwenda kupima na kurudi kusema, "Hapa umekosea." Watu walikwenda, wakapima, wakarudi wakasema. Oksidi ya kobalti ni mojawapo ya marudio hayo. Kadirio ni kama deni linaloandikwa daftarini: kukopa si wizi, mradi daftari liko mezani na mwenye mali anaweza kulifungua. Rundo la Kasese nalo lilikuwa kadirio. Mtu fulani aliamua kwamba kwa sasa mvua si muhimu. Inawezekana hata alikuwa na sababu. Ila uamuzi huo haukuandikwa mahali ambapo mtu wa chini ya mto angeweza kuusoma, na hakupewa chombo cha kuupima. Gharama ya kosa haikumrudia aliyekosea, iliteremka na maji.

Kwa hiyo sioni tofauti kati ya elektroni na watu pale ambapo rafiki yangu anaiona. Naiona kwenye swali la nani anaweza kujibu. Kuna vitu tunavipuuza kwa sababu tumeshavipima tukakuta ni vidogo; huo ni ujuzi. Kuna tunavyovipuuza kwa sababu vimetushinda; huo ni unyonge, na si aibu ukiusema. Na kuna tunavyovipuuza kwa sababu hakuna atakayekuja kutuuliza. Hilo la tatu ndilo ninalolikana, na linaweza kuvaa nguo za yale mawili ya kwanza bila mtu kugundua. Sentensi yangu kwamba oksidi ya kobalti ni metali ilikuwa ya namna hiyo. Kama mwalimu asingeisoma, ingepita.

Na hapa linanigusa jambo la sisi wenyewe, wanafunzi wa nadharia katika Afrika Mashariki. Tunasikia kwamba hesabu ndiyo sayansi ya mtu asiye na fedha. Mashine za kutengeneza matabaka membamba na kuyapoza karibu na sifuri halisi hatuna, lakini kompyuta tunazo, na programu nzuri kama Quantum ESPRESSO ni za bure. Abdus Salam alianzisha kituo cha Trieste mwaka 1964 akiwafikiria wanasayansi wa nchi kama zetu, na matawi ya mti huo yametufikia: mwaka 2012 mafunzo ya Kiafrika ya hesabu za elektroni yalifanyika Eldoret, na tangu 2018 kuna taasisi dada ya Trieste mjini Kigali. Ninajivunia haya. Bila hayo mimi nisingekuwa na mradi. Lakini njia ya asiye na maabara ina hatari yake, na sijaisikia ikisemwa darasani kwa sauti inayostahili: anayehesabu mahali pasipo na kupima hana mtu wa kumkanusha. Kioo chake hakitoi harufu wala hakiunguzi mkono. Anaweza kukaa miaka na elektroni zinazopita kwenye milango iliyofungwa.

Shangazi naye yuko katika hali hiyohiyo, kwa upande wa pili. Vipimo vya Kilembe vipo, lakini ni vya bonde. Nilipotafuta, nilipata wastani wa maeneo, na kiwango cha chini na cha juu, navyo vimeachana mno. Shamba lake halimo. Linaweza kuwa karibu na kile cha chini au karibu na kile cha juu, kutegemea mafuriko ya mwaka gani yalileta unga upande gani wa mgomba gani. Wastani unatosha kwa anayeandika ripoti. Kwa anayepika, wastani ni mlango ulio wazi kwenye karatasi tu.

Basi nilifanya mambo mawili, yote madogo. Katika ripoti ya mradi, ukurasa wa kwanza baada ya jina langu, niliandika nilichokipuuza: kwamba kipande fulani cha kanuni ni kadirio, kwamba U niliichagua kwa kulinganisha na kipimo cha donge, kwamba kwa tabaka lenyewe hakuna kipimo nilichokiona, na kwa hiyo mistari yangu ya ukurasa wa 31 isichukuliwe kama habari ya kitu kilichopo. Mtahini mmoja aliniambia nimejipunguzia alama mwenyewe. Sikuzijutia.

La pili, Desemba nilirudi Kilembe na mifuko sita ya plastiki. Tulichota udongo pamoja na shangazi, miwili karibu na mto, miwili katikati, miwili juu karibu na nyumba, na kila mfuko nikauandika kwa kalamu. Idara ya kemia ya chuo chetu ina mashine, na fundi wake alikubali kunipimia mwisho wa muhula foleni itakapopungua. Foleni bado haijapungua. Mifuko iko chini ya kitanda changu bwenini.

Shangazi hakungoja. Nilipofika nilikuta amekwisha hamisha dodo kwenda juu, na chini karibu na mto amepanda mikalitusi. Nikamuuliza nani alimshauri. Akasema hakuna; aliona tu kwamba mimi, niliyesoma, nilikula zile mboga polepole.